Uzu no Michi ya Naruto: tiketi mlangoni, kizingia kwenye jedwali

Wageni wawili wanaweza kulipa kiingilio kilekile siku ileile, wakapita njia ileile, wakasimama juu ya kioo kilekile, kisha mmoja akatoka mdomo wazi na mwingine akatoka akiuliza vizingia vya maji viko wapi. Kinachowatenganisha ni saa tatu tu za kuwasili. Hapo ndipo uzuri wa Uzu no Michi, njia ya darajani ya kutazamia vizingia huko Japani, ulipo, na ndipo kasoro yake ilipo: jengo ni lilelile kila siku, lakini kinachotazamwa huletwa na mwezi, na mwezi haungoji aliyechelewa basi. Kwa aliyepanga safari yake kwa jedwali la saa za mikondo tunaipa nyota tano. Kwa aliyejiendea tu, mbili, na moja ya hizo ni ya mandhari.

Jina hilo kwa Kijapani maana yake ni njia ya vizingia. Kizingia cha maji ni pale maji yanapojizungusha mpaka katikati yakabonyea kama bakuli. Njia imetundikwa ndani ya tumbo la daraja la Onaruto, linalounganisha kisiwa cha Awaji na mji wa Naruto ulio katika kisiwa cha Shikoku, Japani. Daraja lilifunguliwa mwaka 1985 likiwa na nafasi mbili: ya juu kwa magari, ya chini ikaachwa kwa ajili ya Shinkansen, treni za mwendo kasi. Treni hazikuja. Mwaka 2000 sehemu ya nafasi hiyo tupu ikageuzwa kuwa njia ya waendao kwa miguu, mita 450 kutoka lango la upande wa Naruto hadi chumba cha kutazamia. Kutoka sakafuni hadi kwenye maji ni mita 45. Sakafu ya chumba ina vidirisha vya kioo kinene, na vipo vingine vichache njiani kwa anayetaka kupumzika au kujizoesha kimo kabla hajafika mwisho. Kiingilio cha mtu mzima hakifiki yeni 1,000. Kwa mahali penye sifa ya namna hii, hiyo ni bei ya huruma.

Jambo moja ambalo wapitao wengi hawaligundui: nguzo kuu za daraja hazikusimamishwa juu ya ukuta mmoja mnene wa zege chini ya maji. Kila moja inakaa juu ya kundi la nguzo za duara zilizotenganishwa, ili maji yapite katikati yake. Wahandisi walichagua muundo huo ili daraja lisije likavuruga mkondo na kuviua vizingia. Kwa hiyo unachokitazama kutoka juu bado ni kazi ya bahari, si ya zege.

Maji yanapata wapi mzunguko

Ukitaka kufaidi kioo cha sakafuni, anza na ramani. Mlango wa bahari wa Naruto una upana wa takriban kilomita 1.3. Kusini yake ni mlango mpana wa Kii unaofunguka kwenye Pasifiki. Kaskazini yake ni Harima, sehemu ya Bahari ya Ndani ya Seto. Maji yanapojaa kutoka Pasifiki, hupanda kupitia Kii na kufika kwenye mdomo wa kusini wa Naruto mapema. Lakini mlango huu ni mwembamba mno kuyapitisha yote. Sehemu kubwa huzunguka njia ndefu: hupita mlango wa Kitan, huingia ghuba ya Osaka, hupenya mlango wa Akashi, huzunguka kisiwa kizima cha Awaji, ndipo hufika mdomo wa kaskazini wa Naruto. Mzunguko huo huchukua saa tano hadi sita.

Sasa kumbuka kwamba kutoka maji kujaa hadi maji kupwa ni saa sita na dakika kumi na kitu. Ina maana yale maji yanayojaa yanapofika upande wa kaskazini, upande wa kusini umeshakupwa. Pande mbili za mlango mmoja, umbali wa kutembea kwa miguu, mmoja umejaa na mwingine umekupwa. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti ya usawa wao hufika mita 1.5. Mlango wa Messina, Italia, una tabia ya aina hiyohiyo: bahari mbili zinazojaa na kupwa kwa kupishana, zikikutana penye wembamba.

Mita moja na nusu inaonekana si kitu, ni kimo cha mtoto wa shule. Ila maji yanayoshuka kimo hicho bila kizuizi hupata kasi inayokadiriwa kwa kanuni rahisi: zidisha kimo kwa mvutano wa dunia, zidisha tena kwa mbili, kisha tafuta kipeo cha pili cha jibu. Kwa mita 1.5 unapata mita 5.4 kwa sekunde, yaani kama kilomita 19.5 kwa saa. Kasi ya juu inayotajwa kwa Naruto siku za bamvua kubwa ni kilomita 20 kwa saa. Hesabu ya karatasi na bahari yenyewe zimekubaliana karibu kabisa, jambo ambalo bahari haifanyi mara nyingi. Tofauti ikiwa nusu mita tu, kanuni hiyo inatoa kama kilomita 11 kwa saa.

Kasi peke yake lakini haileti kizingia. Maji yote ya mlango yangekwenda kwa mwendo mmoja, yangepita tu kama mto ulionyooka. Kinachozungusha ni tofauti ya mwendo kati ya maji na maji jirani yake. Katikati ya Naruto sakafu ya bahari imechimbika kama herufi V, kina chake kikifika takriban mita 90. Pembeni ni kina kifupi chenye miamba, na ncha za nchi kavu zinachomoza kutoka pande zote mbili. Maji ya katikati hayakwaruzwi na chini, kwa hiyo hukimbia. Ya pembeni hukwaruzwa, na yale yaliyojibanza nyuma ya ncha za nchi kavu hubaki yamelala, wakati mwingine yakirudi nyuma polepole. Laza penseli kati ya viganja viwili, sogeza kimoja na kitulize kingine: penseli inabingirika. Mpaka kati ya maji ya kasi na maji yaliyolala hufanya vivyo hivyo. Kwanza mpaka unapinda kama mawimbi madogo yaliyopangana. Kila pindo linajikunja na kuwa kizingia kidogo. Vidogo vinavyofuatana vinakutana, vinazungukana, vinamezana, na kinachotokea ni kimoja kikubwa. Vile vikubwa kabisa vya Naruto hutajwa kufika kipenyo cha mita 20, lakini hivyo ni vya siku chache za mwaka. Vya mita chache ndivyo vya kawaida, na havina aibu yoyote.

Kuna pia maji yanayopanda. Mkondo umechimba mashimo makubwa pande zote mbili za mlango, la kaskazini likikaribia mita 200. Maji yanayogonga kuta za mashimo hayo na miamba ya chini hupanda juu na kufumuka kwa mabaka laini, yenye kung'aa, kama sufuria inayochemka taratibu. Wengi huyadhania kuwa vizingia vilivyokufa. Ni kinyume chake: kizingia kinashusha maji, mabaka haya yanayapandisha, na mara nyingi vinakaa jirani, kwa sababu kinachoshuka hapa lazima kipande mahali pengine.

Tukiwa hapohapo tuondoe na hofu ya kale ya shimo linalofika chini ya bahari na kumeza meli. Kina cha bakuli la kizingia hutokana na kasi ya maji kwenye ukingo wake: zidisha kasi kwa kasi, gawanya kwa mvutano wa dunia. Maji yakizunguka kwa mita 2 kwa sekunde, katikati panabonyea kama sentimita 40. Yakifika mita 3 kwa sekunde, panabonyea kama sentimita 90. Kasi ikipungua nusu, bonyeo linabaki robo, na ndiyo sababu siku za maji mafu, yaani za kujaa na kupwa kidogo, zinakatisha tamaa kuliko mtu anavyotarajia. Hatari kwa chombo kidogo haiko kwenye shimo, iko kwenye mpaka uleule: omo, sehemu ya mbele, imeingia kwenye maji ya kasi, tezi, sehemu ya nyuma, iko kwenye maji yaliyolala, na chombo kinageuzwa ubavu kabla nahodha hajakamata vizuri usukani.

Tazama ukingo, si katikati

Kosa la kawaida kwenye chumba cha kutazamia ni kuinama juu ya kioo na kusubiri shimo litokee chini ya viatu. Kizingia hakizaliwi pale unapotaka, na kikizaliwa hakikai. Mkondo unakisukuma huku kikizunguka, kwa hiyo kinapita chini ya kioo kwa sekunde chache na kuendelea na safari yake. Vingi havimalizi dakika moja. Anayekodolea kidirisha kimoja huona mkia wa kila kitu.

Anza kwa kutafuta mstari. Kutoka mita 45 juu, mpaka wa mikondo miwili unaonekana wazi kuliko kutoka mahali pengine popote: upande mmoja maji yana makunyanzi na povu linalokimbia, upande wa pili yana uso wa mafuta. Fuata mstari huo kurudi nyuma, kule mkondo unakotoka, ndipo utaona mapindo yanaanza. Chagua pindo moja. Lifuate kwa macho likijikunja, likimeza jirani yake, likibonyea, likipata povu la duara, mpaka lifike chini ya kioo. Ukifanya hivyo mara tatu utakuwa umekiona kizingia kuanzia kuzaliwa hadi kufa, na kioo cha sakafuni kitakuwa kimefanya kazi iliyokusudiwa.

Lipo jaribio jingine zuri zaidi, na halihitaji chombo chochote. Njia ya miguu imeanzia upande wa magharibi wa mlango, na mkondo mkuu wa katikati uko mashariki yako. Mkondo ukielekea kusini, maji ya mashariki yanasukumwa kusini wakati ya magharibi yamelala. Vizingia vya upande wako vitazunguka kama mishale ya saa. Mkondo ukielekea kaskazini, vitazunguka kinyume. Ng'ambo, upande wa Awaji, mambo yanageuka. Tabiri kwanza, kisha tazama. Vipo vidogo vitakavyokaidi, hasa vinavyozaliwa nyuma ya mwamba au vinavyopita karibu na kikubwa, lakini vile vikubwa vya kwenye mstari hufuata kanuni.

Jaribio hilo linamaliza pia ule ubishi wa kwamba maji ya nusu ya kaskazini ya dunia huzunguka upande mmoja na ya kusini upande mwingine. Kuzunguka kwa dunia kunatawala dhoruba zenye upana wa mamia ya kilomita. Kizingia cha mita 10 kinachozunguka kwa mita 3 kwa sekunde humaliza mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 10, na msokoto wake ni zaidi ya mara 10,000 ya ule unaotokana na dunia mahali hapo. Naruto ni mahali pamoja, latitudo moja, na mielekeo yote miwili inaonekana chini ya daraja moja mchana mmoja. Kama kuna jambo moja ambalo mwalimu wa jiografia angelipa nauli kwa ajili yake, ni hilo.

Jedwali

Jedwali la saa za mikondo hutolewa kwa kila siku ya mwaka na kuwekwa kwenye mtandao na kwenye vituo vya wageni vya Naruto na Awaji. Kila siku lina saa za mkondo wa kwenda kaskazini, unaolingana na maji kujaa, na saa za mkondo wa kwenda kusini, unaolingana na maji kupwa. Kati ya kilele kimoja na kingine ni takriban saa sita, na saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo ratiba ya rafiki yako aliyekwenda wiki iliyopita haikufai kitu. Wala usichukue jedwali la kujaa na kupwa la bandari nyingine ya jirani ukadhani ni lilelile. Kama tulivyoona, hapa mkondo hukimbia zaidi maji yanapokuwa yamejaa au yamekupwa, ilhali katika bandari nyingi hizo ndizo saa ambazo maji husimama. Huu ndio mtego unaowanasa hata mabaharia wazoefu.

Siku nzuri ni za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na mara nyingi kilele huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Katika mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli ndiyo yenye bamvua kubwa zaidi, jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja ulio karibu na ikweta. Siku za maji mafu, wiki moja baada ya bamvua, mkondo bado upo na mstari bado unaonekana, lakini vizingia vinakuwa vidogo na vya kubahatisha.

Ndani ya siku, dirisha lako ni kama saa moja kabla ya kilele hadi saa moja baada yake. Siku ya bamvua kubwa unaweza kuongeza nusu saa kila upande. Ushauri wetu ni kuingia langoni dakika 45 kabla ya saa iliyoandikwa. Dakika 10 zinaishia njiani, nyingine 10 zinaishia kwenye kuzoea kimo na kuupata mstari, na unabaki na muda wa kuuona mkondo ukikua badala ya kuukuta umeshafika. Kukaa ndani ni bure ukishalipa, na wanaokaa saa nzima ni wachache kuliko wanavyopaswa kuwa. Lango hufunguliwa saa tatu asubuhi, kwa hiyo kilele cha alfajiri kwenye jedwali usikihesabu hata kidogo. Hiyo ni ya wavuvi.

Kioo, upepo, kamera

Njia haikuzibwa pande zote. Ubavuni kuna wavu wa chuma, na upepo wa mlango wa bahari hupita ndani bila hodi. Hata siku ya jua, koti jepesi linafaa. Kofia isiyo na kamba usiivae. Juu ya kichwa chako magari yanapita, na lori zito likipita sakafu inatetemeka. Ni kawaida, daraja limejengwa linyumbuke, lakini anayeogopa vimo aelezwe mapema. Asimame pembeni ya kioo, aangalie mbali kwanza, kisha ashushe macho polepole. Kuanza na kioo moja kwa moja ndiko kunakoleta kizunguzungu.

Vioo vya sakafuni vinakanyagwa na viatu vya maelfu, kwa hiyo vina mikwaruzo midogo. Kwa macho si tatizo, kwa kamera ni tatizo, maana simu inaweza kulenga mkwaruzo badala ya maji. Weka lenzi karibu kabisa na kioo, ikinge kwa kiganja au kitambaa cheusi kuzuia mwanga wa taa, kisha funga umakini wa lenzi kwenye maji kabla ya kupiga. Lenzi ya kawaida ya simu kutoka kimo hicho inakamata eneo la kama mita 60 kwa upana, hivyo kizingia cha mita 10 kinachukua sehemu moja tu ya sita ya picha. Ndiyo sababu picha nyingi za Naruto zinaonyesha maji mengi na duara dogo. Vuta mara mbili au tatu. Kasi ya shata ya 1/500 inagandisha povu na kuonyesha umbo. Kutaka povu liachie mistari ya duara kunahitaji shata ya polepole, na hapo mtetemo wa magari unaharibu hata kwa kamera iliyowekwa juu ya miguu mitatu. Video ya dakika moja, simu ikiwa imetulia juu ya kioo, inashinda picha ishirini.

Mng'ao wa jua juu ya maji unaficha mstari vibaya sana ukitazama ubavuni kuelekea jua. Miwani yenye lenzi za polaroidi inaukata. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko ya jua kali, jambo ambalo matangazo ya utalii hayatakuambia.

Daraja au boti

Boti hugharimu zaidi ya mara mbili ya kiingilio cha njia ya daraja, na swali la lipi bora linaulizwa vibaya. Vinaonyesha vitu tofauti. Ukiwa kwenye sitaha, macho yako yako kama mita 5 juu ya maji. Kizingia cha mita 10 kilicho mita 40 mbele unakiona kwa pembe ya digrii 7 hivi, kwa hiyo duara linabanwa na kuwa kamstari chenye urefu wa mita 10 na unene wa mita moja na kidogo. Umbo linapotea. Unachopata badala yake ni ngazi ya maji, yaani usawa wa upande mmoja ukiwa juu ya mwingine mbele ya macho yako, mngurumo, na chombo kinavyoyumba kinapovuka mpaka. Juu ya daraja hicho kinakosekana kabisa. Kutoka mita 45 bahari yote inaonekana bapa, na bonyeo la sentimita 90 halionekani kama bonyeo, linaonekana kama rangi.

Upande wa Naruto kuna meli kubwa, Wonder Naruto, na boti ndogo, Aqua Eddy, yenye chumba kilicho mita moja chini ya uso wa maji, ambayo inahitaji kuhifadhi nafasi mapema. Wazo la kuona kizingia kutoka chini linavutia kuliko matokeo yake: maji yaliyovurugwa hujaa viputo vya hewa, viputo vinatawanya mwanga, na mara nyingi dirisha linakuwa jeupe. Anayejua hilo atakifurahia chumba hicho kwa kuona hewa inavyovutwa chini. Anayetarajia bomba la maji linaloning'inia atasononeka. Upande wa Awaji, kutoka bandari ya Fukura, zipo Kanrin Maru na Nihon Maru, meli zenye milingoti ya mtindo wa zamani, na safari yake ni ndefu zaidi, takriban saa moja. Saa moja hiyo inajumuisha kwenda na kurudi, kwa hiyo muda wa kwenye vizingia vyenyewe ni sehemu tu. Linganisha hilo na daraja, ambako unakaa mpaka uchoke.

Mwenye nafasi ya vyote viwili kwa siku moja aanze na daraja, ajifunze mstari, kisha apande boti kwenye kilele hichohicho kama muda unamruhusu. Kinyume chake kinawezekana, ila ukishatoka kwenye boti bila kujua ulichokiona, daraja linakuwa la kusahihisha makosa.

Wanaouliza kama inafaa kwenda kwenye vizingia vya Norwei au Uskoti badala ya Naruto wajue kwamba si mashine moja. Saltstraumen, karibu na Bodø huko Norwei, ni njia ya maji yenye urefu wa kilomita 3 na upana wa mita 150 tu, inayojaza na kumwaga ghuba ndefu ya ndani; tofauti ya usawa inatokana na ghuba kushindwa kujaa kwa wakati, na kasi yake inatajwa kuwa kubwa kuliko ya Naruto. Corryvreckan, kati ya visiwa vya Jura na Scarba huko Uskoti, inaendeshwa na mwamba mrefu uliosimama chini ya maji kama mnara, unaoupandisha mkondo na kuuvunja. Pale unatafuta mwamba ulipo. Naruto unatafuta ukingo ulipo, na ukingo ni mrefu, kwa hiyo vizingia vinakuja kwa mlolongo. Kwa mtu anayeanza kujifunza namna vinavyotokea, hilo ni faida.

Ukiwa umefika na maji yamesimama, usiwalaumu wa mlangoni. Njia ya kuokoa siku ipo. Nenda hadi eneo la kutazamia la Senjojiki, lililo karibu na daraja na lisilo na kiingilio, ukae hapo usitazame mlango wote bali ncha ya nchi kavu iliyo karibu. Baada ya kusimama, maji hayaanzi kukimbia katikati peke yake; dalili ya kwanza huonekana nyuma ya ncha, pale kamstari kembamba ka povu kanapoanza kujipinda kuelekea upande ambao mkondo ulikuwa hauendi saa chache zilizopita. Ukikaona, una kama saa moja na nusu kabla ya mkondo kupata nguvu, muda unaotosha kula, kukata tiketi na kutembea mita 450 bila kukimbia. Na kumbuka kuhama upande: kama jedwali la asubuhi lilisema kusini, safari hii simama kwenye madirisha yanayotazama kaskazini.